WATOTO WALIOANDIKWA KATIKA REJISTA
Hotuba kuhusu uandikishaji wa wanafunzi katika shule yetu ya msingi

(Hotuba hii ilitolewa na Mwalimu Mkuu mstaafu wa shule ya msingi iliyo jirani na kanisa letu, katika juma la maadhimisho ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika.)



Kamati ya Jubilei iliponiita ilinitaka nizungumzie "Kanisa na Elimu". Niliomba nipunguziwe mzigo huo, kwa maana mada hiyo yaweza kutuweka hapa hata kesho. Nikaomba nizungumzie kitabu kimoja tu ambacho nilikaa nacho miaka mingi kuliko kitabu kingine chochote ukiondoa Biblia, nacho ni rejista ya uandikishaji wa wanafunzi. Jedwali la idadi yao mwaka kwa mwaka limeandaliwa na makatibu wetu, nalo litakuwa mwishoni mwa kitabu cha Jubilei. Kwa hiyo sitawachosha kwa kulisoma. Nataka kusema ni akina nani waliohesabiwa humo, na ni akina nani walioachwa nje.

Ninyi nyote mnajua kwamba usharika huu ulianza kama shule. Wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 walikuwa wamekwisha ondolewa katika nchi hii mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ndugu zetu Waluteri wa Marekani waliokuja kusaidia walikuwa wachache mno kwa eneo lote la mlima. Walioshika kazi walikuwa walimu wenyeji. Asubuhi walifundisha kusoma, jioni walifundisha ubatizo, na Jumapili walisimama mbele ya watu. Serikali ya Waingereza iliziita shule za namna ile shule za vichakani, jina ambalo baba yangu hakulipenda hata kidogo, maana alisema vichaka vyenyewe walikwisha kuvifyeka wao kwa mikono yao. Orodha ya wanafunzi na orodha ya wanaojiandaa kwa ubatizo ilikuwa ni moja. Hapakuwa na sababu ya kuwa na mbili.

Naomba tusiupambe sana wakati ule. Waliokuwa katika orodha ile wengi wao walikuwa wavulana. Wasichana waliletwa baadaye, tena kwa kubembeleza wazazi, na mara nyingi waliondolewa mara tu walipojua kusoma Katekisimo na kupata Kipaimara. Na mtoto wa Mkatoliki hakuja kwetu. Alivuka kijito akaenda kwa wenzao, hata kama shule yao ilikuwa mbali naye mara mbili kuliko ya kwetu. Mlima huu uligawanywa kwa vijito na kwa madhehebu, na watoto walitembea kufuata mgawanyo huo.

Kilichowaleta watoto shuleni kwa wingi ni kahawa. Nasema hivi mbele ya Wachungaji bila woga. Chama cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933, na bei ya kahawa iliponyanyuka baada ya Vita ya Pili, baba mwenye kihamba kizuri aliweza kulipa ada ya watoto watatu au wanne, na wazee wa ukoo walichanga mabati na saruji. Wengi wa walioandikwa katika rejista za miaka ya 1950 ni watoto wa wakulima wa kahawa. Asiyekuwa na kahawa, mwanawe alisubiri, au alikwenda mkubwa akabaki mdogo.

Mimi mwenyewe niliandikishwa darasa la kwanza Januari 1962, mwezi mmoja baada ya Uhuru. Mwaka ule ndio serikali ilipoondoa mgawanyo wa shule kwa rangi. Kwetu hapa hatukuona mabadiliko yoyote, kwa sababu hapakuwa na Mzungu wala Mhindi aliyetaka kuleta mtoto wake katika banda letu. Tulichokiogopa sisi ni mtihani wa darasa la nne. Tuliingia wengi darasa la kwanza, tukafika darasa la nne, na hapo mlango ukawa mwembamba. Wenzangu waliobaki hapo wapo leo katika ukumbi huu, na baadhi yao wana akili kunishinda. Mtihani ule uliondolewa mwaka 1973, ambapo pia ada ya shule za msingi ilifutwa.

Kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo ambalo liliwaumiza wazee wetu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, serikali ilizichukua shule zilizokuwa chini ya mashirika ya dini. Nilikuwa sekondari wakati huo. Nilirudi likizo nikamkuta baba yangu, aliyekuwa Mzee wa Kanisa, hataki hata kupita njia ya shuleni. Alisema, "Tumelea ng'ombe, sasa amekwenda kukamuliwa kwa mwingine." Nilipokuwa kijana niliona amekosea. Sasa nimekuwa mzee, naona alikuwa na haki ya kuumia, ingawa bado naona serikali ilifanya vema. Kwa maana fungueni rejista ya mwaka 1970 na ile ya mwaka 1975, mtazame safu ya dini. Mtoto wa Mkatoliki aliyeishi hatua chache kutoka hapa hakuvuka tena kijito. Mtoto wa Mwislamu wa kule sokoni yupo. Shule ikawa ya kijiji kizima, jambo ambalo sisi tulikuwa hatujaliwezesha kwa miaka hamsini.

Sasa nije kwenye miaka niliyoishika chaki mwenyewe. Mkutano wa TANU wa Musoma, Novemba 1974, uliazimia kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo Novemba 1977. Awali lengo hilo lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989! Nchini kote wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Nilikuwa mwalimu kijana kutoka chuo cha Marangu. Tulifundisha zamu mbili, asubuhi na alasiri, na mvua isiponyesha darasa moja lilikaa chini ya mgrevilea. Mvua iliponyesha, Mchungaji wa wakati ule alitufungulia kanisa. Hakuandika barua kwa mtu yeyote kuomba ruhusa, wala hakukumbusha kwamba shule ilichukuliwa. Alileta funguo. Baba yangu alisikia habari hiyo akanyamaza siku mbili, kisha akaenda mwenyewe kupanga mabenchi.

Walimu hawakutosha, ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Watu waliwacheka, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nimewahi kucheka mimi pia. Lakini wapo wazazi humu ndani waliofundishwa kusoma na walimu hao, na barua zenu za michango ya Jubilei nimezisoma, hazina makosa.

Kisha idadi ikaanza kuporomoka, nami nikiwa ndani ya kazi hiyo. Uchumi wa nchi uliharibika, na kuanzia mwaka 1984 wazazi walitakiwa tena kuchangia. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na mikahawa yetu ilikuwa imekwisha zeeka pamoja na wenye nayo. Kufikia mwaka 2000, kati ya watoto wote wa Tanzania wenye umri wa kuwa shule ya msingi, waliokuwamo darasani hawakufika 6 katika kila 10. Taifa lililokuwa limekaribia kuwaandikisha wote lilikuwa limerudi nyuma namna hiyo.

Hapa ninalo la kusema ambalo halimo katika jedwali la makatibu. Katika miaka ya 1990 nilikuwa Mwalimu Mkuu, na palikuwa na mchango wa madawati, wa mlinzi, wa mitihani, wa mbio za Mwenge, na mingine ambayo siikumbuki tena majina yake. Kila Jumatatu nilisimama paredi nikaita majina ya wasiolipa, nikawarudisha nyumbani wakalete fedha. Palikuwa na binti mmoja wa darasa la tano, mwenye akili ya hesabu, aliyelelewa na bibi yake. Nilimrudisha Jumatatu ya kwanza, akarudi mikono mitupu. Nikamrudisha ya pili. Ya tatu hakuja. Sheria ilinitaka nieleze katika rejista kwa nini mwanafunzi ametoweka, na palikuwa na maneno machache tu yaliyozoeleka: amehama, amefariki, mtoro. Niliandika "mtoro". Neno hilo lipo mpaka leo, kwa mwandiko wangu, na kila aliyekusanya takwimu za mwaka ule alimhesabu binti yule miongoni mwa watoto wasiopenda shule.

Miaka mingi baadaye alikuja ofisini kwangu kuandikisha mtoto wake. Nilimtambua, naye alinitambua. Alijaza fomu, akaweka sahihi, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Nami sikusema neno. Nalisema leo.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa mwaka uliotangulia, ulitufunza hesabu upya. Walikuja watoto ambao hatukujua wapo. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi tuliwapima kama tulivyopimwa sisi: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Waliolishika walikuwa wamepita umri zamani. Mtoto wa miaka saba alikaa dawati moja na wa miaka kumi, na wale waliokuwa wakubwa zaidi wakapelekwa katika madarasa ya MEMKWA. Nchi nzima iliruka kutoka wanafunzi takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Katika safu ya mzazi au mlezi, mwaka ule wa 2002, niliandika neno "bibi" mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika. Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umepita katika nyumba zetu, na sisi tulikuwa tukiuzungumza kwa kunong'ona. Rejista iliusema kwa sauti.

Ndugu zangu, hayo yote ni ya kale, nanyi mngeweza kuniambia kwamba mzee amejifurahisha kwa kumbukumbu. Nimekuja hasa kwa ajili ya haya yafuatayo.

Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, redio zilitangaza kwamba darasa la kwanza limefurika kote nchini, na ilikuwa kweli. Katika shule za mikoa mingine watoto walikaa sakafuni kwa mamia. Nilikuwa nimestaafu, lakini nilikuwa kwenye kamati ya shule. Tulipanga madawati, tukapaka ubao rangi, tukasubiri. Walikuja wachache. Mwaka uliofuata wachache tena. Leo, katika jengo ambalo baba zetu walibebea mawe kichwani, yapo madarasa mawili yenye kufuli, na moja linatunzia mahindi.

Watu husema, "Shule imekufa kwa sababu walimu ni wabovu." Sivyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika Mkoa wa Kilimanjaro, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,861,934. Ni ongezeko la kama asilimia 13 na nusu kwa miaka kumi, wakati Tanzania yote iliongezeka kwa asilimia 37. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ambayo akina mama huzaa watoto wachache zaidi nchini. Na kwa nini? Kwa sababu walisoma! Binti aliyemaliza sekondari hakuolewa na miaka kumi na sita, wala hakuzaa watoto tisa kama mama yangu. Sehemu moja ya upungufu huu, basi, ni matunda ya shule yenyewe, na sioni sababu ya kuilia.

Sehemu ya pili ni vihamba. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana watano, na cha mwana mmoja hakigawanyiki tena. Vijana wamekwenda Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam, nao wanazaa huko. Mnaliona kila mwaka: Desemba magari hujaa mpaka barabarani, ibada ya Krismasi watu husimama nje, na Mchungaji hubatiza watoto safu kwa safu. Watoto hao wamo katika kitabu cha ubatizo cha usharika huu. Ikifika wiki ya kwanza ya Januari, siku zile zile za kuandikisha darasa la kwanza, magari yamekwisha teremka nao. Kitabu cha Mchungaji kinakua, cha Mwalimu Mkuu kinapungua, na vyote viwili vinasema kweli.

Sehemu ya tatu ni sisi tuliobaki. Tangu sera ya elimu ya mwaka 1995 ilipofungua mlango kwa watu binafsi na mashirika kuwa na shule za msingi, basi dogo la manjano hupita hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri kuchukua watoto wetu kuwapeleka kwenye shule za Kiingereza. Simlaumu mzazi, mimi mwenyewe nililipia wajukuu. Lakini tuseme ukweli mbele ya Baba Askofu: kati ya Wazee wa Kanisa walioketi hapa, sijui hata mmoja mwenye mtoto au mjukuu katika shule ile ambayo tunaiita "shule yetu" na ambayo picha yake tumeiweka kwenye kanga ya Jubilei.

Nani basi yuko humo? Nilikwenda mwezi uliopita, Mwalimu Mkuu wa sasa akanipa rejista nikaketi nayo. Majina ya koo zetu yapo, lakini yamekaa mbalimbali. Kati yao yapo majina ya Singida, ya Dodoma, ya Upareni, ya Kimaasai. Ni watoto wa watu waliokuja kutunza vihamba vya wenzetu walioko mjini, wanaokamua ng'ombe wenu na kuwapigia simu kuwaambia migomba imeanguka. Wapo wajukuu walioachiwa bibi. Wapo watoto wawili wenye ulemavu ambao basi la manjano halikuwataka. Baadhi yao huja kanisani, baadhi husali kwingine, baadhi hawasali popote. Hao ndio wanafunzi wa shule iliyoanzishwa na usharika huu, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa katika ratiba ya sherehe hizi mpaka sasa.

Kuna jambo la fedha nalo mlielewe, maana linazungusha gurudumu upande mbaya. Ruzuku ya uendeshaji hutolewa kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Shule yenye watoto wachache hupata fedha chache, bali paa lake ni pana vile vile na choo chake huziba vile vile. Ikama ya walimu nayo hufuata idadi: kipimo cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo mwalimu akihamishwa kutoka hapa kwenda Geita au Katavi, ambako darasa moja lina watoto zaidi ya mia, siwezi kusema kwamba ameonewa mtu. Lakini mtoto wa hapa naye hubaki na mwalimu mmoja wa masomo matano. Tena Sera ya Elimu katika toleo lake la mwaka 2023 inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, hivyo darasa moja zaidi litatoka. Wakati huo swali la kuiunganisha shule yetu na ya jirani, ambalo limekwisha nong'onwa kwenye kamati, litaulizwa kwa sauti.

Wapo wanaosema, "Ikiunganishwa, Kanisa lirudishiwe majengo lianzishe shule ya Kiingereza." Nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Nawaomba mfikirie njia ya kwenda shule ya jirani. Ni kuteremka korongo na kupanda, na mwezi wa Aprili kijito hakivukiki. Mtoto wa mtunza kihamba ana miaka sita. Mwenye basi hatamchukua.

Ninayoyaomba ni madogo. Novemba na Desemba, katika matangazo ya ibada, Mchungaji atangaze siku za kuandikisha, katika ibada zote na mitaani kote, na wenye vihamba mlioko mjini mwaulize watunzaji wenu kama watoto wao wameandikwa. Wengine hawana cheti cha kuzaliwa. Usharika una makarani, wawasaidie kukitafuta. Chumba kile cha mahindi kifunguliwe kiwe cha darasa la awali, kwa maana mtoto anayeanza awali hapa hubaki hapa. Na mfuko wa uji ambao akina mama waliuanzisha mwaka 2003 ukafa kwa kukosa kuni, ufufuliwe. Nimezungumza na Mwalimu Mkuu, ameafiki. Halmashauri nao wana neno lao, nasi tutakwenda kuwasikiliza. Mimi nimejitolea kuwa mmoja wa watakaokwenda, magoti yakiruhusu.

Rejista za zamani, kuanzia ile ya mwaka 1948 ambayo ndiyo kongwe iliyosalia, zimewekwa juu ya meza katika ofisi ya usharika mpaka Jumapili. Karibuni mzitazame baada ya chakula. Tafadhali naweni mikono kwanza, kwa sababu kuna mtori, na karatasi zile zimechoka. Atakayetaka kuliona lile neno "mtoro" nililolisema, nimeweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa wake. Nimemwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuandika pembeni yake sababu iliyo ya kweli, naye amesema atauliza kwanza kama sheria inaruhusu.